Kutoka Darasani hadi Jaridani: Maswali ya Walimu wa Lugha za Kigeni Malindi na Lamu

Maswali haya yametoka kwa walimu wa Kiitaliano, Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Kiingereza wa Malindi, Watamu na Lamu, pamoja na wale wanaowafundisha wageni Kiswahili. Mengi huulizwa kila tunapokutana, na mengine hunong'onezwa pembeni baada ya kikao kwa sababu muulizaji anaona haya. Majibu ni ya mwalimu mwenzenu aliyeanza na chaki na bado anaishika. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye swali linalokukereketa.

## Misingi

1. Mimi nawafundisha Kiitaliano wahudumu wa hoteli tu. Nina nini cha kutafiti?

Una kitu ambacho profesa wa Siena au Perugia kule Italia hana. Una wanafunzi wanaozungumza Kiswahili, Kigiriama au Kibajuni nyumbani, kisha wanaitumia lugha mpya jioni ile ile mbele ya Waitaliano wenyewe. Tangu Waitaliano waanze kurusha roketi kutoka jukwaa la San Marco pale Ngomeni katika miaka ya 1960, lugha yao haijaondoka eneo hili. Imesikika sokoni, ufuoni, jikoni na kwenye tuktuk, na watu wengi wameijua bila kuingia darasani hata siku moja.

Chukua mfano mmoja. Kijana anamwambia mgeni "La barca parte alle due", naye anakusudia saa mbili asubuhi. Mgeni anaelewa saa nane mchana, analala vizuri, na mashua inaondoka bila yeye. Kila mwalimu wa Malindi anakijua kisa cha namna hii, na wengi wetu hukisahihisha tukaendelea na somo. Mtafiti husimama hapo hapo akauliza: kosa hili hutokea zaidi mtu anapozungumza au anapoandika? Hurudi akiwa na haraka? Aliyezoea saa ya Kizungu shuleni hulikosea pia? Maswali hayo matatu yanatosha makala moja nzuri.

2. Kuna tofauti gani kati ya mwalimu anayefikiria kazi yake na mtafiti?

Mwalimu mzuri hugundua jambo, akalirekebisha, basi. Mtafiti hugundua jambo lile lile, lakini huweka kumbukumbu, huuliza swali moja lililo wazi, hueleza alivyolichunguza ili mwingine aweze kurudia, halafu hulitoa hadharani ili apingwe. Hilo la mwisho ndilo linalowatisha wengi.

Wazo la mwalimu kuwa mtafiti wa darasa lake mwenyewe si geni. Lawrence Stenhouse alilitetea Uingereza katika miaka ya 1970, na kabla yake Kurt Lewin, katika miaka ya 1940, alikuwa ameanza kuzungumzia utafiti unaokwenda sambamba na vitendo: panga, tenda, angalia, tafakari, kisha anza tena. Walimu wengi wa lugha hufanya hivyo kila muhula, ila hawaandiki.

3. Lazima nipate shahada ya uzamili kwanza?

Hapana. Inasaidia, lakini si mlango wa pekee.

A. S. Hornby alikwenda Japani mwaka 1924 kufundisha Kiingereza. Kamusi aliyoitengeneza na wenzake kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni ilichapishwa huko huko Japani mwaka 1942, na kutoka hapo ikaenea duniani kote. Michael West alikuwa akifanya kazi ya elimu Bengal alipoanza kuandika vitabu vya kusoma vyenye msamiati uliopimwa, na orodha yake ya maneno ya kimsingi ya Kiingereza ilitoka mwaka 1953. Wote wawili walianza na tatizo la wanafunzi waliokuwa mbele yao.

Na kwetu hapa? Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Matondoni, Lamu, mwaka 1927, alijengewa heshima na ujuzi wake wa lugha na ushairi, hata wasomi wa vyuo vikuu wakawa wanamwendea yeye kuuliza.

Hata hivyo nisikufiche: ukiwa chini ya chuo unapata msimamizi, maktaba, na barua ya taasisi inayorahisisha kibali (tazama swali la 7). Kwa watu wa Malindi, Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mwendo wa matatu. Ukipata nafasi ya kusoma, soma. Usiyasimamishe macho yako ukiingoja.

4. Nianze na nini wiki hii?

Nunua daftari moja usilolitumia kwa jambo lingine. Kila baada ya somo andika vitu vinne: tarehe, alichosema mwanafunzi neno kwa neno, alichokuwa akifanya wakati huo, na ulivyojibu wewe. Ukurasa unaweza kuwa hivi:

"Jumanne. Zoezi la kumpokea mgeni. R. amesema 'ho molto sette', alitaka 'ho molta sete'. Nimerudia kwa sauti, akarudia vilevile. Alipoandika ubaoni akaandika 'sete' sawasawa, lakini akaacha 'molto'."

Ona yaliyomo katika mistari hiyo michache. Mwanafunzi ana kiu, si saba; mkono unajua kwamba t ni moja, ulimi ndio umezidisha; na upatanisho wa kisarufi ni tatizo lingine kabisa, kwa sababu huo haukurekebika hata kwa maandishi. Ungekuwa umeandika "R. bado ana shida ya matamshi", usingekuwa na chochote. Andika ulichosikia, si hukumu yako. Na tumia herufi badala ya jina tangu siku ya kwanza.

## Kufanya utafiti wenyewe

5. Mada nzuri naipata vipi?

Itafute katika kosa linalojirudia au jambo linalokushangaza. Mwaka 1967 S. Pit Corder aliandika kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa jinsi anavyoijenga lugha akilini, na mwaka 1972 Larry Selinker akaipa jina hiyo lugha ya katikati ambayo si ya nyumbani wala si ile inayofundishwa. Kwa hiyo lile rundo la madaftari uliyoyasahihisha usiku ni data.

Mada zilizopo hapa hapa, ambazo ningefurahi kuona zinaandikwa:

Konsonanti maradufu za Kiitaliano kwa wazungumzaji wa Kiswahili: nani hutofautisha "nono" na "nonno", na kwa mazoezi gani? Matumizi ya "Lei" ("wewe" ya heshima kwa Kiitaliano) kwa watu waliojifunza ufuoni, ambao wengi humwita kila mtu "tu" ("wewe" ya kawaida), hata mzee wa miaka themanini. Mtoto wa madrasa Lamu aliyehifadhi juzuu kadhaa kwa matamshi safi lakini hawezi kuomba maji kwa Kiarabu. Akianza kujifunza mazungumzo, ule uhifadhi unamsaidia wapi na unamkwamisha wapi? Upatanisho wa jinsia katika Kifaransa au Kiitaliano kwa mtu aliyelelewa na ngeli: je, kuzoea upatanisho kunampa wepesi? Kila mwalimu ana maoni juu ya hilo la mwisho. Maoni si ushahidi, na ndiyo maana linafaa.

Punguza mada mpaka iingie katika sentensi moja ya kuuliza. "Changamoto za kufundisha Kifaransa Pwani" si mada, ni lalamiko.

6. Wanafunzi wangu ni wanane tu. Wanatosha?

Wanatosha kwa uchunguzi kifani. Wanane uliowafuatilia muhula mzima, ukawarekodi na kuwahoji, watakufundisha mengi kuliko hojaji mia mbili zilizojazwa haraka haraka ili watu warudi kazini. Usichoweza kufanya ni kuandika "wanafunzi wa Kenya" unapokuwa na wahudumu wanane wa hoteli moja. Sema ni akina nani, wana umri gani, walijifunzaje kabla yako, kisha uishie hapo.

7. Nahitaji kibali kuwatafiti wanafunzi wangu mwenyewe?

Kuweka daftari ili uboreshe somo lako ni sehemu ya kazi ya ualimu. Ukishakusudia kufanya utafiti na kuuchapisha, sheria inakuhusu. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inataka mtu anayefanya utafiti Kenya awe na leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Maombi hufanywa mtandaoni, na huambatanishwa pendekezo la utafiti, barua ya taasisi na idhini ya kamati ya maadili. Ukishapata leseni, pita ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti na ya kamishna wa kaunti ukajitambulishe kabla ya kuanza, halafu kwa mkuu wa shule au meneja wa hoteli.

Fanya haya kabla ya kukusanya data. Majarida mengi huuliza nambari ya kibali, na kibali hakirudi nyuma.

8. Na wakiwa watoto, au wafanyakazi wanaoogopa meneja?

Kwa watoto unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe aulizwe pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za watu wote, na kwa watoto imekaza zaidi. Fomu iwe kwa lugha ambayo mama wa mtoto anaisoma. Asipojua kusoma, msomee mbele ya shahidi.

Kwa wafanyakazi shida ni nyingine: hawezi kukukatalia mbele ya bosi. Omba ridhaa bosi akiwa hayupo, waambie wazi kwamba kukataa hakutaharibu cheti wala kazi, na usimpe meneja rekodi hata akiomba kwa upole. Ukimpa mara moja, hutapata tena mtu wa kusema ukweli mbele ya kinasa sauti chako.

9. Nitasomaje machapisho bila maktaba ya chuo?

Anza na yaliyo huru. African Journals Online ina majarida ya bara letu, na orodha ya DOAJ, iliyoanzishwa mwaka 2003, ni ya majarida yanayosomwa bure. Swahili Forum nalo lote linasomwa bure. Makala yakiwa yamefungwa, mwandikie mwandishi barua pepe fupi yenye adabu, wengi hutuma. Waliopo Lamu wana maktaba ya ndani ya Ngome, yenye hazina juu ya Uswahili. Na pakua Zotero, programu isiyolipiwa ya kutunzia marejeleo, mapema, kabla hujawa na faili mia zilizoitwa "makala mpya".

## Kuandika na kuchapisha

10. Makala ya jarida yanakaaje?

Ikisiri, utangulizi, waliosema kabla yako, mbinu, matokeo, mjadala, hitimisho, marejeleo. Walimu huandika utangulizi mrefu na matokeo mafupi, geuza. Msomaji anataka kusikia wanafunzi wako wakizungumza, kwa hiyo mpe mifano halisi kutoka daftarini (swali la 4), kisha ichambue.

Kabla ya kuandika neno la kwanza, chagua jarida, soma makala yake matatu ya karibuni, na ufuate mwongozo wake hata katika nukta na mkato.

11. Niandike kwa lugha gani?

Kwa lugha ambayo unaweza kubishana nayo. Kama hoja zako hunyooka kwa Kiswahili, yapo majarida yanayopokea Kiswahili: Kiswahili na Mulika ya TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na lile Swahili Forum la swali la 9. Kiingereza kitakupa wasomaji wengi zaidi wa fani ya ufundishaji wa lugha, na Kiitaliano au Kifaransa kitakufikisha kwa watu wanaotunga vitabu unavyovifundishia. Ninavyoona mimi, mwalimu anayeandika juu ya wanafunzi Waswahili na asiache hata ukurasa mmoja wa Kiswahili amewanyima wenzake. Kama makala ni ya Kiingereza, andika ikisiri ya pili kwa Kiswahili, au muhtasari wa kuwagawia walimu.

12. Jarida limenitumia barua pepe likiniita "msomi mashuhuri" na kuniahidi kuchapisha ndani ya siku tano. Nilipe?

Usilipe. Hilo ni jarida la kitapeli, na linakutafuta kwa sababu linajua walimu wana kiu ya kuona majina yao yamechapishwa.

Dalili ni hizi: sifa nyingi kabla ya kukusoma, uhakiki wa siku chache, ada inayotajwa baada ya kukubaliwa, jina linalofanana mno na la jarida maarufu, fani zote duniani ndani ya toleo moja, wahariri wasiojua kama wamo. Ada peke yake si dalili, kwa kuwa yapo majarida ya heshima yanayotoza, lakini hutangaza kiasi wazi tangu mwanzo, na mengi hupunguzia au kuwasamehe waandishi wa nchi zetu. Liangalie kwenye DOAJ, muulize mtu aliyewahi kuchapisha humo, soma makala mawili. Ukikuta makosa ambayo wewe ungeyasahihisha kwa wino mwekundu, kimbia.

Makala yakishatoka huko, jarida zuri halitayapokea tena. Unapoteza pesa, na kazi yako pia.

13. Wahakiki wamenirudishia kurasa tatu za lawama. Nimefeli?

Umefanikiwa kusomwa. "Marekebisho makubwa" ni habari njema; wahariri hawapotezi muda kwa makala wasiyoyataka. Kaa siku mbili bila kujibu, hasira ishuke. Kisha tengeneza jedwali: safu ya kwanza maoni ya mhakiki, ya pili ulichobadilisha na ukurasa. Usipokubaliana, eleza sababu kwa ushahidi. Mhakiki hajui kwamba saa ya Kiswahili huanza alfajiri, mwelimishe, usimkemee.

Ukikataliwa kabisa, rekebisha upeleke kwingine. Jarida moja kwa wakati mmoja, siku zote. Kutoka kupeleka hadi kuchapishwa ni miezi mingi, mara nyingine zaidi ya mwaka.

14. Nianze na kongamano au jarida?

Kongamano, ukiweza kumudu nauli. Maswali ya ukumbini huonyesha tundu kabla mhakiki hajaliona. Ukiwa huko, jisajili ORCID bure, upate nambari yako ya tarakimu 16, ili kazi zako zisichanganywe na za watu wenye jina kama lako. Akina Mohamed Ali tunalijua hili.

15. Naweza kutumia akili unde kuandika?

Kunyoosha sarufi ya lugha ya kigeni, majarida mengi huruhusu ukitaja. Kuiorodhesha kama mwandishi hairuhusiwi, na kuiachia ikutafutie marejeleo ni hatari, maana hubuni vitabu visivyokuwepo. Usiipe kamwe rekodi za wanafunzi wako (swali la 8).

## Vitabu

16. Nina notisi za miaka mingi. Naweza kuzifanya kitabu?

Inategemea nani atakinunua. Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu hutahiniwa katika KCSE, kwa hiyo kitabu cha shule kina soko, ila lazima kifuate mtaala na kiidhinishwe na KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya, nao huita miswada kwa wakati wao. Kiitaliano hakimo katika KCSE. Soko lake ni hoteli, vyuo vya utalii na watahiniwa wa vyeti kama CILS, CELI na PLIDA, kwa hiyo usimwige mtunzi wa vitabu vya shule. Tunga mazungumzo ya mapokezi, jikoni, mashuani, kliniki.

Ukiwa na mchapishaji, soma mkataba mstari kwa mstari. Mrabaha wa asilimia fulani ya bei ya dukani si sawa na asilimia ile ile ya pesa zinazomfikia mchapishaji. Uliza haki za toleo la kidijitali na za tafsiri, na uliza haki zinarudi kwako lini kitabu kikiisha madukani. Ukichapisha mwenyewe, ISBN (nambari ya kukitambulisha kitabu) hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa za Kenya.

Kabla ya yote, pitia notisi zako na uondoe ulichonakili. Picha za mtandaoni, mashairi ya nyimbo na mazoezi ya vitabu vya Ulaya ni mali ya watu. Kenya hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mwaka alioaga mwandishi.

## Hali zisizo za kawaida

17. Mtafiti kutoka ng'ambo ameniomba nimkusanyie na kumtafsiria data. Nitatajwa kama mwandishi?

Hili ndilo linalotuuma zaidi, Lamu hasa. Mgeni anakuja kwa wiki chache. Mwalimu wa hapa anamtafutia watu, anamfungulia milango ya nyumba ambazo mgeni peke yake asingepita baraza, anahoji, anaandika mahojiano, anatafsiri, na anamweleza kwa nini bibi alicheka pale aliposema vile. Makala yanatoka, na mwalimu ameshukuriwa kwenye tanbihi, jina limekosewa herufi.

Zungumza mapema, kabla ya rekodi ya kwanza. Sema: "Nitafurahi kushirikiana. Tukubaliane kwanza nani ataandika nini na majina yatafuatanaje." Kanuni inayokubalika na wengi ni kwamba mwandishi ni yule aliyechangia wazo, ukusanyaji au uchambuzi, akashiriki kuandika au kuhakiki rasimu, akaidhinisha toleo la mwisho. Kwa hiyo omba nafasi ya kushiriki kuandika, usisubiri kupewa. Kama kazi yako ni kutafsiri tu, hiyo ni ajira halali: taka malipo kwa saa, na barua.

Muulize pia kibali chake kiko wapi, maana wageni nao hutakiwa kuwa na leseni (swali la 7), na nakala ya data itabaki kwa nani. Akikasirika kwa maswali haya, umeshamjua.

18. Shule inasema notisi nilizoandika ni zake.

Huenda ina haki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inahesabu kwamba kazi iliyofanywa katika ajira ni ya mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Angalia mkataba, kisha omba barua ya ruhusa kabla ya kwenda kwa mchapishaji. Ulichoandika nyumbani, nje ya majukumu yako, kiweke mbali na kompyuta ya shule.

19. Nafundisha Kiarabu Lamu na ningependa kuandika kuhusu hati za kale za hapa. Naweza kuziona?

Hati za Msikiti wa Riyadha, aliouanzisha Habib Swaleh, zilipigwa picha za kidijitali chini ya programu ya Maktaba ya Uingereza ya nyaraka zilizo hatarini, kwa hiyo huna haja ya kushika karatasi kongwe ili kuanza. Zilizo mikononi mwa familia ni jambo jingine. Nenda na mtu wanayemwamini, eleza nia yako kwa mkubwa wa nyumba, na akikuruhusu kusoma, usichukulie kwamba amekuruhusu kupiga picha wala kuchapisha. Kila ruhusa iombwe kivyake, iandikwe. Mpelekee nakala ya makala kabla hayajatoka. Mwalimu wa madrasa anayejua hati za mkono na Kiamu cha wazee ana ujuzi ambao wataalamu wengi wa nje wanautafuta miaka, na nawasihi walimu wa Lamu waingie katika kazi hii kwa majina yao wenyewe.

20. Nilijaribu mbinu mpya muhula mzima na haikuleta tofauti. Nichapishe?

Chapisha, mradi umeeleza sawasawa ulivyofanya. Kama mazoezi ya kusikiliza konsonanti maradufu hayakuwasaidia wahudumu wako kuzitamka, mwalimu wa Watamu anayepanga zoezi hilo hilo muhula ujao anahitaji kujua. Eleza yalikuwa ya dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, nani alihudhuria na nani alikuwa zamu ya usiku. Kisha pendekeza kitu kimoja ambacho ungebadilisha, na umwombe yeye akijaribu.